Mgonjwa wa saratani aulizwe uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa malaria au kuhara walikuwa sahihi: mpe, anywe, apate nguvu. Lakini methali hiyo imehamia kwenye wodi za saratani, na huko inaumiza watu. Ugonjwa ukirudi baada ya matibabu ya kwanza, familia hukaa kikao. Baba mkubwa anafungua kwa dua, mweka hazina anasoma michango, walioko nje ya nchi wanasikiliza kwa simu, na linapitishwa: mama aanzishiwe kemo nyingine, ikishindikana apelekwe India. Mama mwenyewe yuko chumba cha pili. Akisema amechoka, anaambiwa amekata tamaa. Mwanawe akimtetea, anatazamwa kama mtu anayemtakia mama yake kifo.

Kikao hicho kinaamini kwamba dawa zikiongezwa na siku zinaongezeka, na kwamba anayeacha dawa amechagua kufa. Si kweli. Saratani inayorudi mara nyingi inatokana na seli zilizonusurika dawa za kwanza. Ndiyo maana kwa saratani nyingi zilizosambaa, dawa za awamu ya pili na ya tatu husaidia wachache zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi, ilhali kutapika, vidonda vya mdomoni na kushuka kwa kinga viko palepale. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini kundi moja liliongezewa tiba shufaa tangu mwanzo: wahudumu wa kutuliza maumivu, kubanwa pumzi na hofu, na wa kuwauliza wanataka nini. Katika kundi hilo, waliopewa matibabu makali siku za mwisho walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6; kwa wenzao, nusu walikuwa wamefariki kufikia miezi 8.9.

Sisemi kila aliyerudiwa aache. Saratani ya titi iliyorudi palepale ilipoanzia yaweza kukatwa na mtu akapona. Ya korodani na baadhi ya limfoma huponywa hata zikirudi. Kwa hiyo kuuliza kama kuna dawa nyingine hakutoshi, maana dawa nyingine haikosekani. Daktari aulizwe: hii ni ya kuponya, ya kurefusha siku, au ya kupunguza mateso? Ikiwa ni ya kurefusha, ni kwa kiasi gani, na siku hizo atazimalizia wapi? Majibu yatolewe mbele ya mgonjwa, si koridoni kwa kaka mkubwa.

Wanaosema kuacha kemo ni kumtelekeza mtu watazame Uganda. Tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya kunywa imekuwa ikiwafuata wagonjwa hadi majumbani, na mwaka 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Mionzi ya siku moja tu yaweza kutuliza maumivu ya mfupa uliovamiwa. Hayo nayo ni matibabu. Kutelekezwa ni kulala hospitalini Chennai, India, na dripu mkononi, lugha ya wauguzi huielewi, wajukuu unawaona kwenye kioo cha simu, kwa sababu ndugu waliogopa kusemwa msibani kwamba hawakukuhangaikia. Hofu hiyo ya maneno ya watu ndiyo inayosaini fomu nyingi za rufaa, na anayeilipia kwa mwili wake ni mgonjwa.

Basi kikao kijacho kifanyike kitandani kwake, na yeye awe wa kwanza kusema. Akitaka kuendelea, tuchange. Akisema imetosha, akili yake ikiwa timamu, baba mkubwa afunge kikao hapohapo, na fedha zilizokwisha kukusanywa zilipie dawa ya maumivu, godoro zuri na nauli za wale anaotaka kuwaona.