Tiki za Buluu

Alama nyingine za simu hazina ugomvi. Vile vistari vitatu vya kufungulia orodha, kwa mfano, Norm Cox alivichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, wala havijamkosesha mtu usingizi. Lakini tiki za WhatsApp! Mzazi wa Nalasi amemwandikia mwanawe aliye Songea, tiki zimegeuka buluu, jibu hakuna, basi amenuna.

Yafaa kujua maana yake. Tiki moja: ujumbe umeondoka kwako. Mbili: umefika katika simu yake. Buluu, iliyoletwa Novemba 2014: umefunguliwa. Umefunguliwa na nani, haisemi. Pengine ni mjukuu aliyekuwa akichezea simu. Na ile moja isiyoongezeka siku mbili si dharau. Huenda simu imezimika, au bando limekwisha. Kama nyumbani kuna mgonjwa, usingoje rangi, piga simu.

Tena mtu aweza kuifunga hiyo buluu katika mipangilio. Lakini naye hataiona ya wenzake, isipokuwa katika makundi. Mimi naona ni haki.