Vidonge vya Macho au Changa la Macho?

Leo nina neno na vijana wenzangu mnaohangaika mjini na bado mnawakumbuka wazee kila mwisho wa mwezi. Naona siku hizi zawadi ya mzee si khanga wala kanzu tena. Ni kopo la vidonge vya macho! Muuzaji anaapa linatibu mtoto wa jicho, presha ya macho, hata miwani mzee ataitupa jalalani. Bei yake sasa! Ukitajiwa, wewe ndiye unayeona giza.

Jamani, tuelewane. Si vidonge vyote ni utapeli. Mwaka 2001 Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilitoa majibu ya utafiti mkubwa. Mchanganyiko wa vitamini C na E, beta-karotini, zinki na shaba ulipunguza kwa karibu asilimia 25 hatari ya ugonjwa wa makula kufikia hatua mbaya. Makula ni kile kisehemu cha nyuma ya jicho kinachotuwezesha kusoma na kutambua sura za watu. Kikichakaa kwa uzee, katikati panaingia kiza.

Ila waliofaidika ni wale ambao ugonjwa wao ulishafika hatua ya kati au zaidi. Wa hatua ya mwanzo hawakuonekana kupata nafuu. Na mtoto wa jicho? Vidonge havikumzuia!

Halafu kuna hili: beta-karotini ya vidonge huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavuta sigara. Ndiyo maana majibu ya utafiti wa pili, mwaka 2013, yalipendekeza luteini na zeaksanthini badala yake. Kama mshua ni mtu wa sigara, au aliwahi kuvuta, usimpe kopo kabla hujasoma lebo.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Dawa yake ni operesheni, anawekewa lenzi ya bandia, basi. Mzee aliyevuka miaka 40 na kusoma gazeti kwa kulisogeza mbali, huenda shida yake ni miwani tu. Presha ya macho ndiyo mwizi hasa: inakula mshipa wa jicho kimyakimya, na uoni ukishapotea haurudi. Daktari anaweza kuizuia isiendelee. Sasa mzee akimeza vidonge miezi 6 akingoja muujiza, nani atamrudishia macho yake?

Luteini yenyewe imejaa kwenye mchicha na matembele, fungu lake pale sokoni unalijua bei. Ile hela ya kopo igeuze nauli, bi mkubwa apelekwe kliniki ya macho apimwe. Daktari akisema ni makula, hapo muulizeni habari za vidonge.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!