Mcheza Tenisi Naye ni Mfanyakazi

Mwezi wa Julai 2022 msichana wa Kenya mwenye umri wa miaka 18, Angella Okutoyi, alisimama juu ya majani ya Wimbledon, Uingereza, pamoja na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, wakapokea kombe la wasichana la mchezo wa wawili wawili. Kabla yake hapakuwa na Mkenya yeyote aliyepata kombe la vijana katika mashindano makuu ya tenisi duniani. Magazeti yaliandika, redio zikatangaza, wakubwa wakatuma salamu za pongezi. Kisha kila mtu akaenda zake. Leo twapenda kuuliza jambo ambalo siku ile wengi hawakuliuliza: je, kesho yake msichana huyu alikula nini?

Hatuulizi kwa kejeli. Mashindano ya vijana, hata yakiwa ya Wimbledon, hayana zawadi ya fedha. Mshindi hurudi nyumbani na kikombe na jina. Na Okutoyi hakutoka katika nyumba yenye akiba. Alilelewa na bibi yake, mfanyakazi wa shule mjini Nairobi, akaanza kushika raketi akiwa mtoto mdogo kwa sababu tu kiwanja kilikuwa karibu na mahali bibi alipofanya kazi. Kiwanja kingekuwa mbali, habari hii isingeandikwa.

Sasa yafaa ndugu wafanyakazi waelezwe kazi hii ilivyo, maana wengi twaiona katika televisheni siku ya fainali tu, na siku ya fainali kila mtu ana sura ya tajiri. Mwaka 2025 bingwa wa wanawake wa Wimbledon alilipwa pauni 3,000,000, na hata aliyetolewa siku ya kwanza alipata pauni 66,000. Lakini kuufikia mlango huo ni lazima mtu akusanye pointi, na pointi huanzia chini, katika mashindano madogo ambayo zawadi yake yote, kwa washindani wote, ni dola 15,000. Bingwa wa juma zima huko huondoka na dola elfu mbili na ushei. Anayeshindwa mchezo wa kwanza hapati hata dola mia mbili. Mashindano hayo huchezwa mfululizo mahali kama Monastir, Tunisia, na Sharm el Sheikh, Misri. Nauli ni yake mchezaji. Chumba ni chake. Chakula, nyuzi za raketi, dobi, viza, vyote ni juu yake.

Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lenyewe liliwahi kufanya hesabu hii kwa mwaka 2013. Likaona kwamba mwanamke mchezaji hutumia kiasi cha dola 40,000 kwa mwaka, bila kumhesabu kocha, na kwamba aliye chini ya nafasi ya 253 hivi duniani hutumia kuliko anachopata. Karibu nusu ya wachezaji wote wa mwaka ule hawakuambulia zawadi hata senti. Tangu hapo zawadi zimeongezwa kidogo, lakini hatujasikia kwamba nauli za ndege zimeshuka.

Mtu wa 300 duniani katika fani yoyote ni fundi mkubwa. Tuambieni, ni daktari gani wa 300 duniani anayelala njaa? Mama anayekata maua ya waridi katika mashamba ya Usa River hupokea ujira wake mwisho wa mwezi, ujapokuwa haba. Kibarua wa zege hulipwa jioni, hata kama ukuta umepinda. Lakini mcheza tenisi wa ngazi ya chini akiumia bega, siku hiyo hiyo mshahara wake umekufa, na tikiti ya kurudi kwao hajaipata. Hana tajiri wa kumshitaki, kwa kuwa kwa maneno ya karatasi yeye ni mtu aliyejiajiri mwenyewe. Neno hili la kujiajiri lina utamu mwingi katika vinywa vya wasiolazimika kuliishi.

Wachezaji wenyewe wamelijua jambo hili zamani. Mwaka 1973 Billie Jean King na wenzake waliunda umoja wa wanawake wacheza tenisi, na mwaka huo huo mashindano ya Marekani yakawa ya kwanza, katika yale makuu manne, kutoa zawadi sawa kwa wanaume na wanawake. Wimbledon ilikawia mpaka 2007. Mwezi wa Machi 2025 wanawake walio katika ngazi ya juu walipata hata likizo ya uzazi yenye malipo. Hayo yote ni matunda ya umoja, nasi twayapongeza. Walakini matunda yaliiva juu ya mti. Walio chini ya shina hawajayaonja.

Kuna kisa kimoja katika fainali ile ya 2022 kinachotufaa zaidi kuliko tarakimu zote. Upande wa pili wa wavu walisimama wasichana wawili wa Kanada. Mmoja wao aliitwa Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Okutoyi na mwenzake waliwashinda, nao ulikuwa ushindi wa shida: walipoteza seti ya kwanza 3 kwa 6, wakarudisha ya pili 6 kwa 4, wakamaliza 11 kwa 9. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko huyo huyo alitwaa ubingwa wa wakubwa mjini Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka, akapokea zaidi ya dola 700,000. Mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa nje ya watu 300 wa kwanza duniani, akipanda kupitia mashindano madogo.

Na Okutoyi? Machi 2024 alichukua medali ya dhahabu ya wanawake katika Michezo ya Afrika mjini Accra, na pia amesoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Katika orodha ya dunia alikuwa bado akihesabiwa katika mamia. Hatusemi ameshindwa, njia ya chuo ni njia ya busara, kwa kuwa chuo hutoa kitanda, chakula, kocha na elimu. Twasema tu kwamba waliokuwa karibu sawa juu ya majani hawakuwa sawa walipotoka nje ya lango. Mmoja alikuwa na chama cha tenisi cha nchi yake chenye kituo, makocha na fedha. Mwingine alikuwa na michango.

Huku kwetu Terrat, kusini ya mji wa Arusha, ukisimama asubuhi vumbi halijaamka, Mlima Meru waonekana wote. Ni nchi ya wakimbiaji hii. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Alphonce Simbu, aliyezoea kufanya mazoezi Arusha, alishinda marathoni ya dunia huko Tokyo mwaka 2025. Mkimbiaji huanza na barabara, na barabara ni ya umma. Mcheza tenisi ataanza na nini? Viwanja vingi vya tenisi katika nchi zetu vilijengwa na watawala wa zamani kwa ajili ya starehe yao, na Mwafrika aliingia humo kuokota mipira. Wengine waliokota mipira na mchezo pia, kwa macho tu, wakawa walimu. Lakini kiwanja kilibaki ndani ya ua.

Tutaambiwa kwamba huu ni mchezo wa mabwanyenye, na kwamba zahanati zina haja kubwa zaidi. Neno la zahanati ni la kweli. Wala hatutaki fedha ya dawa ikanunulie nyavu. Lakini Serikali ilipoanza kujenga uwanja wa mpira pale Olmoti, karibu nasi, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, hapana aliyesema mpira ni wa mabwanyenye. Kiwanja cha tenisi ni futi 78 kwa 36. Pamoja na nafasi ya kukimbilia, futi 120 kwa 60. Ni saruji, rangi na wavu. Shule moja ya Terrat ingeweza kukipata pembeni ya uwanja wake wa gwaride.

Jambo la pili ni kubwa kidogo, nalo lawahusu walio katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa hapa mjini. Msichana wa Ulaya huenda kwenye mashindano madogo kwa treni, huku mama yake akimbebea mkoba. Wa kwetu huomba viza. Nairobi imewahi kuwa na mashindano ya aina hii. Yakipangwa majuma sita mfululizo, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Dar es Salaam na Arusha, msichana wa Kenya, wa Burundi au wa Terrat angezitafuta pointi zake kwa basi, akilala kwa ndugu, akila ugali anaoujua. Mawaziri wa michezo wa Jumuiya watakapokutana tena, twaomba hili liwekwe katika ajenda, na lijadiliwe kabla ya chakula cha mchana.