NYUMBANI NA JAMII: Vilima vya Kibenga kwa Mwendo wa Mtoto

Kibenga ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, ulio baina ya Ziwa Tanganyika na barabara kuu iendayo Rumonge. Kwa muda mrefu familia za mtaa huo zilizoea kuwapeleka watoto ufukweni siku za mapumziko. Desturi hiyo sasa imepata mtihani. Maji ya ziwa yalipanda mno mwaka 2021, yakapanda tena mwaka 2024, yakaingia katika nyua za watu na kumeza sehemu ya mchanga walipokuwa wakicheza watoto. Hata pale mchanga uliposalia, kiboko hutoka majini jua linapokuchwa kwenda kutafuta majani, naye hamwombi mtu ruhusa ya kupita. Tena maji ya kina kifupi ya kandokando ya mji yana kichocho. Mzazi mwenye kujali hana budi kuligeuzia ziwa mgongo mara mojamoja na kutazama mashariki, ng'ambo ya barabara kuu, ambako nyumba za Kanyosha hupungua na mashamba ya mihogo na migomba huanza kupanda kilimani.

Si lazima kwenda mbali. Ziwa liko mita zipatazo 775 juu ya usawa wa bahari, na mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote nchini Burundi, unapita mita 2,600 katika safu iyo hiyo. Lakini mtoto wa miaka sita hana haja na Heha. Akipanda mita 200 tu, paa za mabati hugeuka vipande vya kioo chini yake, ziwa lote humfungukia, na milima ya Kongo husimama ng'ambo kama ukuta.

Neno gumu ni mwendo. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapandaji huitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia ya kilomita mbili yenye kupanda mita 200, hesabu hiyo hutoa dakika 24 na nyingine 20, jumla dakika 44. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye afya. Penye mtoto mdogo yafaa iongezwe mara mbili, kisha zihesabiwe na nyakati za kusimama kutazama mjusi, kuokota kijiti na kuuliza maswali. Saa moja na nusu, pengine mbili, si nyingi.

Hapa ndipo baba aliye askari hukosea. Miguu yake imefunzwa kwata. Bila kukusudia hutangulia hatua hamsini, husimama, hutazama saa, na mtoto akimfikia tu, yeye huanza tena kwenda. Mtoto hapati pumziko hata moja, ila baba amekwisha pumzika mara kumi. Kwa familia nyingi jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tangu Desemba 2007 maelfu ya askari wa Burundi walipelekwa Somalia kulinda amani, kila mmoja kwa miezi mingi, na si wachache waliorudi wakakuta mtoto aliyeachwa akitambaa sasa anakimbilia nyuma ya kanga ya mama kumkwepa mgeni. Mtoto wa namna hiyo hashindwi kwa peremende. Mpangilio ulio bora ni mtoto mdogo kutangulia na kuweka mwendo, mama kufuata, baba kuwa wa mwisho. Akiwa nyuma, baba huona kila anayeteleza, na mtoto, baada ya muda, hugeuka mwenyewe kuhakikisha kwamba yule mtu bado yupo.

Baba huyo aache sare nyumbani, na silaha isitajwe kabisa. Vilima vya juu ya Kanyosha vilikuwa uwanja wa mapigano kwa miaka mingi, na mwaka 2008 bado milio ya bunduki ilisikika huko. Bibi aliyemo shambani anapowaona watu wenye viatu vya jeshi wakikata njia ya mkato, hawazi habari za matembezi. Anayepita na atangulize salamu ya asubuhi, "Mwaramutse", aulize kama njia inaruhusiwa, na kama yapita katikati ya uwanja wa nyumba ya mtu, azunguke. Watoto waambiwe mapema kwamba embe lililoanguka nalo lina mwenyewe.

Kuhusu majira, Juni hadi Agosti njia huwa kavu na imara, lakini vumbi na moshi hufunika ziwa hata Kongo isionekane. Mandhari safi hupatikana asubuhi iliyofuata mvua, wakati udongo ungali utelezi. Mwezi wa Januari, mvua inapopumzika kidogo, huenda ukawa wakati mzuri kuliko yote. Jambo lisilo na mjadala ni kingo za mto Kanyosha na makorongo yake: hapo ardhi humeguka, nayo imekwisha kuzoa nyumba za watu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji yaliyoshuka kutoka vilimani yaliua watu zaidi ya sitini mjini Bujumbura. Wingu likijikusanya juu ya milima, familia na irejee, hata kama mjini jua linawaka.

Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jumuiya, kwa hiyo hubaki Jumapili. Ibada ya asubuhi ikiingiliana na matembezi, saa tisa alasiri inafaa wakati wa kiangazi, mradi wote wawe wameshuka kabla ya saa kumi na mbili, maana giza la huku haliji polepole. Kila mtu achukue lita moja ya maji kutoka nyumbani, na ndizi mbivu au viazi vitamu vya kuchemsha.

Wenye watoto wakubwa waweza kwenda kwa gari hadi Mugere, mwendo wa kilomita kumi na kitu kusini mwa mji, kuliko na jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaodhani ndipo walipokutana. Sivyo, walikutana Ujiji, kisha wakaja kwa mtumbwi kuchunguza kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Waliona kwamba unaingia. Kutoka kwenye jiwe hilo mtoto aweza kuliona ziwa lile lile na kuulizwa swali lile lile.

Jioni, kabla ya chakula, miguu ya wote ioshwe kwa sabuni na kutazamwa baina ya vidole na kandokando ya kucha, kwa ajili ya funza. Ya baba pia.