Miswada Iko Wazi, Mbona Hatuisomi?

Kuna lawama iliyogeuka wimbo katika mabaraza yetu: Wazungu wametuchukulia vitabu vyetu. Ikitajwa London tu, mzee hutikisa kichwa, kijana hupiga meza, na kahawa hupoa vikombeni. Sipingi kwamba vingi vilichukuliwa. Ninalouliza ni hili: vile vilivyokwisha kufunguliwa mlango, nani kati yetu amekwenda kuvisoma?

Chuo cha SOAS cha London kilianzishwa mwaka 1916 kwa masomo ya Mashariki, na Afrika ikaongezwa katika jina lake mwaka 1938. Maktaba yake imesheheni vitabu vya Uchina, Uhindi, Uajemi na Bara Arabu, na humo humo imo miswada yetu ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenzetu wa Mombasa, marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, alikaa huko akaishughulikia pamoja na Angelica Baschiera wa chuo hicho hadi ikaorodheshwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu yake imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Maktaba ikitangaza mikusanyo mipya, wageni hukimbilia kusoma. Sisi hungoja kusimuliwa.

Tunajivunia mshairi Muyaka bin Haji, na tunastahili. Lakini Muyaka alifariki mwaka 1840, na tungo zake nyingi zilibaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipozikusanya na kuziandika, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor yakaishia SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani ya Muyaka. Mwalimu Sikujua hakuwa na umeme wala simu. Alikuwa na kalamu na subira. Wewe una simu mfukoni, na bando lako laishia kwenye vichekesho na umbeya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi hata kuinama hatutakiwi tena!

Wala usiniambie kwamba kazi hiyo ni ya maprofesa. Ufunguo unao wewe. Mtoto wa pwani aliyehitimu msahafu anazijua herufi zile tangu chuoni. Na aifungue picha ya mswada wa utenzi, aikuze kwa vidole viwili: mara nyingi ataona ubeti mzima umekaa mstari mmoja, vipande vinne, pana alama kati ya kipande na kipande. Ataona pia kwamba "p" na "b" mara nyingi huandikwa kwa herufi moja. Mgeni atahangaika na kamusi. Wewe uliyelelewa na lugha hii utajua papo hapo palipo paka na palipo baka. Mungu akupe neema kubwa kama hiyo, nawe uilalie?

Na la pili siwezi kulimeza. Hata vilivyo kwetu hatuvitunzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wake wa miswada ya Kiswahili, lakini majumbani mwetu imesalia mingine ndani ya masanduku, chakula cha mchwa. Katika maktaba za umma, msomaji huchana ukurasa kwa wembe, akautia mfukoni na kutoka kifua mbele. Huyo ana tofauti gani na yule anayemlaani barazani? Mwizi wa ukurasa mmoja ni mwizi.

Amri ya kwanza aliyoshushiwa Mtume ilikuwa kusoma. Basi, walimu wa madrasa, wiki hii wafungulieni wanafunzi wenu mswada mmoja wa Kiswahili, wausome kwa sauti. Nanyi wenye masanduku ya mababu, yafungueni, mpige picha kila ukurasa, kisha asili muihifadhi pakavu. Madai ya kurudishiwa vyetu yatakuwa na uzito siku tutakapokuwa tunavisoma.