BUNDI NI MLINZI WA GHALA, SI MJUMBE WA KIFO



Mwezi huu sitasema nanyi juu ya mbolea wala bei ya mahindi. Nataka kusema juu ya ndege mmoja ambaye watu wengi hapa Nyamarambe, wakimsikia usiku, hutoka nje na kumfukuza kwa mawe na vijinga vya moto. Ndege huyo ni bundi.

Wazee wetu walisema, na vijana wengi bado wanasema, kwamba bundi akilia juu ya nyumba, mtu wa nyumba hiyo atakufa. Imani hii si ya Abagusii peke yao. Wajaluo jirani zetu wanayo, Wakikuyu wanayo, na watu wa pwani wanayo pia. Mimi simcheki mtu yeyote kwa ajili yake, maana aliyefiwa hastahili kuchekwa. Lakini nawaomba tulipime neno hili kama tunavyopima gunia: kwa mizani, si kwa macho.

Je, ni lini mtu husikia sauti ya bundi? Mkulima aliyelima kutwa hulala fofofo, wala hasikii kitu. Lakini katika nyumba yenye mgonjwa watu hukesha. Taa inawaka, makombo ya chakula yamebaki, panya huyafuata makombo, na bundi humfuata panya. Basi wale wanaokesha husikia sauti ambayo pengine ilikuwako mwezi mzima. Mgonjwa akifa, kila mtu husema, "Bundi alituambia." Mgonjwa akipona, hakuna amkumbukaye bundi. Tena usiku ule ule ndege yule yule amelia karibu na nyumba nyingi ambazo watu wake waliamka wazima, wakaenda shamba. Hesabu ya kujumlisha upande mmoja tu, mwalimu yeyote angeitia alama ya kosa.

Basi bundi hulia kwa nini? Hulia kwa sababu zile zile zinazomfanya jogoo awike: kumwita mwenzake, na kuwaambia wengine kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Bundi wa msituni, yule akaaye katika miti mikubwa kando ya mito, huimba kwa sauti nene, dume na jike wakijibizana. Yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, akaaye katika mapaa na majengo ya zamani, hawezi kuimba hivyo. Yeye hupiga ukelele mkali wa kukwaruza, hata nywele zikasimama. Makinda yake nayo hukoroma na kufoka kama nyoka wakidai chakula. Ukisikia mkoromo juu ya dari usiku, usimwite mganga. Ni watoto wenye njaa.

Ndege huyu ameumbwa kwa kazi ya usiku. Manyoya ya mabawa yake yana kingo laini, hivyo huruka bila kishindo. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko la pili, na kwa hiyo hujua sauti inatoka wapi hasa. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Payne, alimjaribu bundi mweupe katika chumba chenye giza tupu, akaona kwamba humkamata panya kwa kusikia tu mchakacho wa majani makavu.

Mkitaka kujua anakula nini, msiniulize mimi. Mwulizeni yeye mwenyewe. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Tafuteni madonge hayo chini ya mti au jengo anamolala mchana. Lowesheni moja katika maji, mlifungue kwa kijiti, nanyi mtaona mafuvu na meno ya panya. Walimu wa shule zetu wangeweza kuwafundisha watoto somo hili bila gharama yoyote, mradi wanawe mikono kwa sabuni baadaye.

Sasa tutazame hasara ya panya. Panya wa shambani huchukua mimba kwa siku 23 hivi, naye huzaa watoto kumi hivi kwa mara moja. Wataalamu wa nchi jirani ya Tanzania wamekadiria kwamba katika kila magunia 100 ya mahindi, panya hupoteza kati ya 5 na 15 kwa mwaka. Hapa Kenya, mwaka 1962, baada ya ukame kufuatwa na mvua kubwa za mwisho wa 1961, panya waliongezeka mno wakaharibu mashamba ya nafaka. Sisi wa Nyamarambe tuna mahindi, na tuna miwa ambamo panya hujificha vizuri. Je, ni busara kumpiga mawe mlinzi afanyaye kazi usiku kucha bila kudai mshahara?

Jambo jingine ni sumu. Wakulima wengi hununua sumu ya panya sokoni na kuitupa ovyo. Sumu nyingi za namna hii haziui mara moja. Panya aliyeila hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na bundi humkamata huyo kwanza. Bundi akifa, panya wanaobaki huzaa bila hofu, nawe unarudi dukani kununua sumu tena. Huko ni kulipa fedha ili adui yako aongezeke.

Wengine wametutangulia katika jambo hili. Katika nchi ya Israeli, tangu mwaka 1983, wakulima wa Sde Eliyahu wamewajengea bundi weupe masanduku ya kuzalia ili wapunguze panya na sumu. Mwaka 2002 wakulima wa Yordani walijiunga nao. Huko Yordani pia watu walimwogopa bundi kama ndege wa mkosi, lakini walipoona kazi yake shambani wengi waligeuza nia. Na hapa kwetu Kenya, upande wa Mweiga katika Nyeri, bundi wakubwa wa magenge huishi karibu na mashamba, na wageni hufunga safari kwenda kuwatazama.

Shauri langu kwa mkulima ni hili:

1. Usiukate mti mkubwa wenye shimo ikiwa hakuna haja. Hiyo ni nyumba ya bundi.

2. Simamisha nguzo mbili tatu shambani zenye kijiti cha kukingama juu, urefu wa futi 8 au 10, ili apate mahali pa kutua na kuvizia.

3. Ukitaka, tengeneza sanduku la mbao la futi 2 kwa futi moja na nusu, lenye tundu la inchi 6, uliweke mahali patulivu futi 12 au zaidi kutoka chini.

4. Tumia mitego ghalani badala ya sumu. Ukilazimika kutumia sumu, okota panya waliokufa na kuwafukia.

5. Funga vifaranga vyako bandani jioni.

Sisemi kwamba bundi atamaliza panya wote. Ghala chafu litakuwa na panya hata ukiwa na bundi kumi. Fagia, kausha mahindi vizuri, inua ghala lako, fyeka majani kandokando yake; halafu mwachie bundi sehemu yake. Mkumbuke pia kwamba sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda wanyama na ndege wa pori bila ruhusa.

Neno langu la mwisho si la panya wala mahindi. Mtu anayeamini kwamba bundi huleta kifo, mara nyingi hauulizi tu, "Ni ndege gani?" Huuliza, "Ni nani aliyemtuma?" Swali hilo likiulizwa usiku wa msiba, jibu lake huangukia kikongwe akaaye peke yake. Twajua katika Kisii yetu njia ya tuhuma inafika wapi. Mwezi wa Mei 2008 watu 11 walichomwa moto kwa kushukiwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Sisemi kwamba bundi ndiye aliyesababisha mambo hayo. Nasema kwamba mzizi ni mmoja, yaani kutafuta wa kulaumiwa badala ya kutafuta sababu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimsikia bundi usiku na una mgonjwa nyumbani, usiokote jiwe. Mpeleke mgonjwa hospitali kunapokucha, au usiku ule ule kama hali yake ni mbaya. Dua la kuku halimpati mwewe, na sauti ya bundi haimwui mtu. Ugonjwa unaua, na ujinga unaua. Bundi huua panya tu.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Nyamarambe