Mgeni wa Ifakara Ale Nini?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, methali hiyo imetuponza watu wa Bonde la Kilombero. Mchele wetu ni mwema, lakini haukujiuza. Umeuzwa na wengine kwa majina ya kwingine, nasi tumekaa tukingoja wema wake ujulikane wenyewe. Ndiyo maana leo nataka kubishana na wenye hoteli, na sisi wenyeji pia, juu ya jambo linaloonekana dogo: mgeni akifika Ifakara, tunampa nini ale?

Jibu nalijua, kwa kuwa nimeketi kwenye meza hizo. Mgeni huletewa chipsi na kuku. Katika hoteli moja ambayo sitaitaja niliagiza samaki wa mtoni. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akanijibu, "Samahani mwalimu, samaki wa hapa hatupiki. Wageni hawali." Kijana huyo simlaumu, anasema alichofundishwa. Namlaumu aliyemfundisha. Mto Kilombero uko jirani, bonde zima limejaa mpunga, na tajiri wa hoteli anamenya viazi vilivyopanda lori kutoka nyanda za juu!

Ati wageni hawali vya kwetu. Nani kasema? Tutazame India. Mtu aendaye Hyderabad hujua kabla hajapanda ndege kwamba atakula biriani, tena ya Hyderabad, si ya kwingine. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya miji bunifu kwa mapishi. Wana pia halim, chakula kizito cha ngano na nyama ambacho hupikwa zaidi mwezi wa Ramadhani. Tangu mwaka 2010 jina la halim ya Hyderabad linalindwa na sheria, asije mtu wa mji mwingine akalibandika kwenye sufuria yake. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Unguja mgeni hupelekwa Forodhani na huulizwa kama ameonja urojo. Hakuna aliyevuka bahari kuja kutafuta chipsi. Hizo kaziacha kwao.

Vitabu vya wasafiri nilivyovisoma huitaja Ifakara kama njia tu ya kwenda Mahenge, au mahali pa kupita baada ya kutembelea Hifadhi ya Udzungwa. Basi acha niandike mimi mwongozo wao. Mgeni, njoo mwezi wa Juni, mpunga mpya ukiwa umeingia. Kula mchana, kwa mama lishe, wali ukiwa ndiyo kwanza umeepuliwa. Uliza kama ni Supa. Ukiwa Supa, harufu itakujibu kabla ya mpishi. Uliza pia kama umepaliwa makaa juu ya kifuniko, kwa kuwa wali wa nazi usiopaliwa haukauki vizuri. Upande wa samaki, omba ndungu, ule polepole kwa sababu ya miba. Akikosekana, kuna kitoga, perege, au kambale aliyekaushwa kwa moshi akaungwa kwa nazi. Ukiwahi kabla mpunga haujakomaa sawasawa, tafuta pepeta: mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa hadi ukawa bapa. Hiyo haina hoteli. Utaipata kwa wenye mashamba.

Watasema, "Kwa mama lishe ni pachafu." Palipo pachafu pasafishwe, na maafisa wa afya wapo kwa kazi hiyo. Lakini wali unaotoka jikoni ukifuka moshi ni salama kuliko saladi ya hotelini iliyooshwa kwa maji usiyoyajua. Cha kuogopa ni wali uliolala nje bila baridi, nao huwadhuru watu hata kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe.

Sasa nije kwenye kiini cha ugomvi wangu. Mkulima wetu huuza mpunga kwa gunia la lumbesa, lililoshindiliwa hadi likaota kichwa, na bei hutajwa na mnunuzi. Nimeuona mchele wa bonde hili sokoni Dar es Salaam ukiitwa wa Mbeya au wa Kyela. Sina neno na mchele wa Kyela. Wenyewe wamelijenga jina lao. Sisi letu tumelifanyia nini?

Jina si fahari tupu. Mwaka 2002 kituo cha utafiti cha KATRIN, hapa hapa Ifakara, kilitoa mbegu iitwayo SARO 5. Ni mbegu nzuri, huzaa sana, na imewasaidia wengi. Supa huzaa kidogo, huchelewa, na kwa urefu wake huanguka kwa urahisi. Mama anayepalilia kwenye tope na kuamia ndege tangu alfajiri ataendelea kuipanda iwapo tu yupo mtu anayelipia ile harufu. Na harufu hailipiwi na asiyeijua. Mlaji asipofundishwa kuitambua, mfanyabiashara ataichanganya na nyingine, bei itakuwa moja, na mkulima mwenye akili ataiacha. Mbegu hupotea hivyo, bila vita wala mafuriko.

Zamani pantoni ilimlazimisha msafiri angoje Kivukoni, na mwenye kungoja hula. Daraja lililozinduliwa rasmi mwaka 2018 ni neema kubwa, hasa kwa sisi tunaokumbuka kivuko kilichozama Januari 2016. Lakini msafiri sasa anapita bila kusimama. Ili asimame, lazima aitwe.

Kwa hiyo nawaambia wenye hoteli: andikeni kwenye orodha zenu jina la mchele na kijiji ulikotoka. Nunueni samaki kwa wavuvi wetu. Waajiri wanawake wanaojua kupalia wali, muwalipe kama wapishi, siyo kama vibarua. Nasi wenyeji tukiingia humo tuagize hivyo hivyo, na tukiambiwa havipo, tunyanyuke tuondoke. Siku nyingine vitakuwepo.